Ekman yupi? Jina moja la Kiswidi, watu wengi, na upepo wetu wa kusi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya bahari, mzaliwa wa Tanga, ameniletea maswali mawili. Nayafupisha:

"Jina la Ekman limenichanganya. Darasani tuna tabaka la Ekman, msokoto wa Ekman na namba ya Ekman. Tukienda ziwani tunachota tope kwa kifaa kinachoitwa Ekman. Dada yangu anasoma saikolojia na ana Ekman wake wa nyuso za watu. Mdogo wangu naye anasema kuna Ekman mcheza hoki. Je, ni mtu mmoja, au ni ukoo mmoja? La pili: tulifundishwa kwamba kwa kanuni ya Ekman, kusi inapovuma, maji ya juu husukumwa mbali na pwani, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kutoka chini. Baba yangu ni mvuvi. Nilipomweleza alisema kusi huleta maji pwani, haiyaondoi. Nimwamini nani?"

Nianze na la pili kwa ufupi, kwa sababu ndilo zito: kwa pwani ya Tanga baba yako yuko sahihi, na kanuni ya Ekman yenyewe ndiyo inayompa haki. Ulichofundishwa ni mfano wa Somalia. Mfano huo ni wa kweli kabisa, ila uko upande wa pili wa Ikweta, na katika jambo hili kuvuka Ikweta kunageuza jibu zima. Nitafika huko. Kwanza tuwatenganishe watu hawa.

Si mtu mmoja, wala kushiriki jina hilo si ushahidi wa udugu. Kwa karne nyingi wakulima wa Uswidi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtoto wa kiume wa Anders aliitwa Andersson, na mtoto wa huyo akachukua jina la baba yake, si la babu. Waliotangulia kujichagulia majina ya kudumu ni watu wa mijini, wafanyabiashara, mafundi, wasomi na wanajeshi, na wengi walichukua vitu vya asili: mti, mto, mlima, tawi. Ek ni mwaloni. Familia nyingi zisizojuana zilijipa mwaloni, kila moja kwa wakati wake na mahali pake. Amri ya mwaka 1901 iliyotaka majina yawe ya kurithishana ilikuta akina Ekman wameshatapakaa nchi nzima. Kwa hiyo ukikutana na Ekman kitabuni, tazama herufi za mwanzo za majina yake na mwaka wa kazi yake kabla ya kumhesabu kuwa ni yule unayemjua.

Wa zamani kati ya hawa ni daktari, Olaus Jacob Ekman. Mwaka 1788, katika tasnifu yake huko Uppsala, alieleza familia moja ambayo kwa vizazi vitatu watu wake walizaliwa na mifupa inayovunjika kwa kuguswa tu. Ugonjwa huo wa kurithi leo una jina la Kilatini hospitalini, lakini vitabu vya zamani vya tiba huuita kwa jina lake. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1874, mkemia Carl Daniel Ekman alianzisha kiwandani Bergvik njia ya kupikia vipande vya mbao kwenye dawa ya salfaiti hadi zibaki nyuzi tupu za kutengenezea karatasi. Kabla ya njia za namna hiyo karatasi nyingi zilitoka kwenye matambara, na matambara hayakutosha.

Wa mimea ni Erik Leonard Ekman, aliyezaliwa 1883. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi Cuba na kwenye kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika, akitembea milimani kukusanya mimea, na akafia hukohuko mwaka 1931. Ukiona mmea wa Karibi ambao nusu ya pili ya jina lake la kisayansi ni ekmanii, ndiye huyo. Kuna hata jenasi nzima ya miti, Ekmanianthe, iliyobeba jina lake.

Dada yako ana Ekman wawili, na mwambie awe macho. Yule wa nyuso ni Paul Ekman, Mmarekani aliyezaliwa Washington mwaka 1934 katika familia ya Kiyahudi. Tahajia ni ileile, chimbuko la familia ni jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa kabila la Fore, ambao wakati ule walikuwa wameona filamu na picha za watu wa Magharibi kidogo sana au hawajaona kabisa, akawauliza uso upi unalingana na kisa kipi. Alihitimisha kwamba hasira, hofu, huzuni, furaha, mshangao na kinyaa husomeka usoni popote duniani. Mwaka 1978, pamoja na Wallace Friesen, alitoa mfumo wa kuandika kila mkunjo wa misuli ya uso. Hitimisho lake limepingwa sana na wanasaikolojia wa baada yake, na dada yako asome pande zote mbili. Mwingine ni Gösta Ekman wa Chuo Kikuu cha Stockholm, aliyefariki 1971, mtaalamu wa kupima hisi. "Kanuni ya Ekman" katika saikolojia ni yake huyu: tofauti ndogo kabisa unayoweza kuihisi hukua sambamba na ukubwa wa hisia yenyewe. Haihusiani na nyuso, wala haihusiani na bahari.

Mdogo wako anao pia wawili. Nils Ekman, mzaliwa wa Stockholm wa mwaka 1976, alicheza hoki ya barafuni katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zikiwemo timu za Tampa Bay na San Jose. Oliver Ekman-Larsson, beki aliyezaliwa Karlskrona mwaka 1991, ndiye anayetajwa zaidi leo. Mwaka 2024 alitwaa Kombe la Stanley akiwa na Florida Panthers. Hilo Larsson la nyuma ni jina la pili la familia, kwa hiyo kwenye orodha mtafute kwenye E.

Sasa turudi kazini kwako, kwa sababu wewe pia una Ekman wawili na ni muhimu usiwachanganye.

Kile kifaa cha tope ni cha Sven Ekman, mtaalamu wa wanyama, 1876 hadi 1964, profesa wa Uppsala. Alikieleza mwaka 1911 kwa ajili ya kuchunguza wanyama wadogo wanaoishi kwenye tope la maziwa. Umekishika, kwa hiyo unakijua: sanduku la chuma lililo wazi chini, taya mbili zinazozuiwa zisifunge kwa nyuzi za waya, na springi kali pande zote. Unakishusha kwa kamba polepole mpaka kitue. Kamba ikilegea unaachia kizito kidogo kiteleze juu yake. Kikigonga kichwa cha kifaa, waya zinaachia na taya zinafumba na kipande cha tope ndani, kwa kawaida cha sentimita 15 kwa 15. Kilitengenezewa tope laini. Kwenye mchanga mgumu au vipande vya matumbawe hakifai: kijiwe kimoja kikikwama kati ya taya, ukivuta kamba tope lote linamwagika njiani na wewe unapata maji machafu tu. Kwa hiyo ukienda nacho Ziwa Victoria utarudi na sampuli nzuri, lakini ukienda nacho kwenye miamba ya Tanga utapoteza siku. Na usiweke vidole karibu na taya zikiwa zimetegwa.

Sven huyohuyo aliandika mwaka 1935 kitabu kikubwa kuhusu mgawanyo wa wanyama wa baharini duniani. Humo pwani yetu imo ndani ya eneo moja pana linaloanzia Afrika Mashariki hadi visiwa vya Polinesia, na kitovu chake ni visiwa vya Indonesia na jirani zake. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Tanga anaweza kufungua kitabu cha samaki wa Ufilipino akawakuta samaki anaowajua tangu utotoni.

Lakini tabaka, msokoto na namba si vya Sven. Ni vya Vagn Walfrid Ekman, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1874, mtoto wa Fredrik Laurentz Ekman, ambaye naye alikuwa mchunguzi wa bahari. Hapo udugu upo, baba na mwana. Na huyu Vagn Walfrid ndiye ningependa kila kijana wa pwani yetu amjue vizuri, kwa sababu alichokipata kinafanya kazi mbele ya nyumba zetu kila mwaka, Mei hadi Septemba na tena Desemba hadi Machi.

Kisa kilianzia kwenye barafu. Mwaka 1893 Mnorwei Fridtjof Nansen aliiingiza meli yake, Fram, kwa makusudi kwenye barafu ya kaskazini mwa Siberia, ili barafu iishike na kuibeba ivuke Bahari ya Aktiki. Ilibebwa karibu miaka mitatu, ikachomoka Agosti 1896. Katika kipindi hicho Nansen na wenzake waliandika upepo unavuma kwenda wapi na barafu inakwenda wapi, naye akaona jambo linalojirudia: barafu haikufuata upepo. Ilikwenda kulia kwake, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 40. Nansen alihisi kwamba chanzo ni kuzunguka kwa dunia, na kwamba maji ya chini ya barafu lazima yapinde zaidi kuliko ya juu. Hakuwa na hesabu yake. Alimwomba mwanafizikia Vilhelm Bjerknes ampe mwanafunzi wa kuifanya, Bjerknes akamtaja Ekman, na inasimuliwa kwamba kijana huyo alirudi na jibu jioni ileile. Alilitoa kwenye tasnifu yake mwaka 1902, na kwa upana zaidi mwaka 1905.

Hesabu yenyewe inaelezeka bila milinganyo. Dunia inazunguka, na kitu chochote kinachosafiri juu yake huvutwa kando: kulia kwa njia yake kikiwa kaskazini mwa Ikweta, kushoto kikiwa kusini. Hiyo ndiyo kani ya Coriolis. Upepo husugua uso wa bahari na kuusogeza. Tabaka hilo la juu huvuta lililo chini yake kwa msuguano, nalo huvuta linalofuata. Kila tabaka huenda polepole kuliko la juu yake, na kila moja hupinda zaidi kidogo. Ukichora mishale ya mwendo kutoka juu hadi chini, inazunguka kama ngazi ya mnara huku ikifupika. Huo ndio msokoto wa Ekman. Kwa hesabu yake safi, maji ya juu kabisa huenda nyuzi 45 kando ya upepo, na kuna kina fulani ambapo maji huenda kinyume kabisa cha yale ya juu, ila kwa kasi ya karibu asilimia 4 tu. Tabaka lote hilo lina unene wa makumi ya mita.

Ukijumlisha mishale yote, juu hadi chini, jumla yake iko kwenye nyuzi 90 kamili kando ya upepo. Wanafunzi wengi huikariri hiyo 90 bila kuiamini, nami naelewa kwa nini. Fikiria hivi: upepo unavuma siku nyingi bila kubadilika, na maji hayazidi kuongeza kasi. Basi lazima kuwe na kani nyingine inayolingana na msukumo wa upepo na kuupinga. Kani hiyo ni ya Coriolis. Lakini Coriolis siku zote hutenda kwa pembe ya mraba na mwendo. Ili ielekee kinyume cha upepo, mwendo wa jumla wa maji hauna njia nyingine ila kukaa kwenye pembe ya mraba na upepo. Kwa hiyo 90 haitegemei msuguano uko vipi wala msokoto una umbo gani. Hii ndiyo sehemu ya kazi ya Ekman iliyosimama imara kuliko zote. Msokoto wenyewe ni mgumu kuuona, maana baharini mawimbi huuvuruga. Kenneth Hunkins aliuonyesha chini ya barafu ya Aktiki mwaka 1966, na vipimo vizuri vya bahari wazi vilikuja kutoka kwa James Price na wenzake mwaka 1987. Pembe ya juu huwa chini ya 45 mara nyingi, kama Nansen alivyoona. Lakini jumla ya 90 imesimama.

Sasa chukua kanuni hiyo uende nayo pwani, na usimame na mgongo wako kwenye upepo.

Wakati wa kusi upepo unapanda na pwani kutoka kusini. Ukiwa Somalia, kwenye Ras Hafun, karibu nyuzi 10 kaskazini, upepo huo unaelekea kaskazini mashariki na nchi kavu iko kushoto kwako. Kaskazini mwa Ikweta maji huenda kulia. Kulia kwako ni bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka, na nafasi yake hujazwa na maji kutoka chini, baridi na yenye virutubisho. Julai na Agosti maji ya juu ya pale huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, katika latitudo ambazo mtu angetegemea bahari ya vuguvugu. Ulichofundishwa ndicho hiki.

Mfano huohuo unaendelea Oman, kwenye pwani ya Dhofar, ambako ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili huenda Salalah kutafuta baridi ya kharif, msimu wa manyunyu wa huko. Upepo wa msimu unapita sambamba na pwani, maji ya juu yanavutwa nje, na maji ya chini yanapanda. Ndiyo maana Mirbat na vijiji jirani, pembeni mwa jangwa, vina mwani mkubwa wa kahawia wa aina tunayoihusisha na bahari za baridi, na wazamiaji wa huko huvua sufailah, kombe wa thamani kubwa anayejilisha kwa mwani. Ukungu na manyunyu ya kharif nayo yanahusiana na hewa yenye unyevu kupita juu ya maji hayo baridi.

Sasa shuka Tanga, nyuzi 5 kusini. Upepo ni uleule wa kusi, bado unapanda na pwani kwenda kaskazini, na nchi kavu bado iko kushoto kwako. Kilichobadilika ni kimoja: umevuka Ikweta, na sasa maji huenda kushoto. Kushoto kwako ni Tanga. Maji ya juu yanasukumwa kuja pwani, yanarundikana, na yasipokuwa na pa kwenda yanazama. Huo ni mshuko wa maji, kinyume kabisa cha ulichofundishwa. Baba yako ameyaona maji hayo maisha yake yote.

Hebu tuweke kiasi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde husugua bahari kwa takriban nyutoni 0.1 kwa kila mita ya mraba. Gawanya kwa uzito wa maji, kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, na kwa kipimo cha Coriolis (nguvu ya kule kuvutwa kando) cha latitudo 5, ambacho ni karibu 0.0000127 kwa sekunde. Unapata karibu mita za ujazo 7.7 kila sekunde kwa kila mita moja ya urefu wa pwani, iwapo upepo unakwenda sambamba nayo. Katika latitudo 45, kwa upepo huohuo, ungepata chini ya mita 1 ya ujazo. Kadiri unavyokaribia Ikweta kiasi kinakua, na wengi hushangaa, lakini kuna gharama yake: bahari huchukua muda mrefu zaidi kuitii kanuni. Muda wa maji yanayosafiri kupinda mpaka yakamilishe mzunguko mmoja ni karibu saa 17 katika latitudo 45, lakini Tanga ni saa 137, yaani siku 5 na zaidi. Upepo wa siku moja hautoshi. Kusi inatosha kwa sababu huvuma miezi. Kwenye Ikweta yenyewe, karibu na Kismayo, kipimo cha Coriolis ni sifuri na kanuni hii haina la kusema. Hapo maji hufuata upepo moja kwa moja.

Kaskazi nayo huigeuza hesabu. Upepo unaelekea kusini magharibi, na kushoto kwako ukiipa mgongo ni bahari kuu. Kwa hiyo msimu ambao kwetu Ekman huvuta maji ya juu kutoka pwani ni kaskazi. Kaskazi ni nyepesi kuliko kusi, kwa hiyo kupanda huko kwa maji ya chini ni kwa kiasi, si kwa nguvu ya Somalia. Usiende ukaandika kwamba Tanga ina Ras Hafun yake mwezi Januari.

Hapa najua utauliza: mbona basi kusi huleta baridi? Ni kweli. Maji ya juu ya pwani ya Tanzania hukaribia nyuzi 29 au 30 mwezi Machi na hushuka hadi karibu 25 mwezi Agosti na Septemba. Lakini si kwa sababu ya maji ya kina kupanda ufukoni. Jua limehamia kaskazini, upepo mkali unakausha uso wa bahari na kuondoka na joto, na mawimbi yanakoroga maji ya juu na ya chini kwa kina kirefu. Mkorogo huo unaweza pia kupandisha virutubisho, kwa hiyo mtu akipima maji ya kusi akakuta planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) nyingi, kipimo chake kinaweza kuwa sahihi huku maelezo yake ya sababu yakiwa si sahihi. Hilo nalisisitiza, kwa sababu makosa ya namna hii hudumu: jibu linafanana na ukweli, hakuna anayerudi kuuliza limepatikanaje. Wala usipime wingi wa samaki kwa kutazama soko tu. Wakati wa kusi ngalawa na mitumbwi mingi hukaa ufukoni kwa sababu bahari ni kali, na samaki ambaye hakuvuliwa bado yuko majini.

Kuna mahali pengine pa kuwa mwangalifu. Ekman alichukulia kwamba bahari ina kina kirefu kuliko tabaka lake. Mlango-bahari wa Pemba, mbele ya Tanga, unatosha: una kina cha mamia ya mita. Mlango-bahari wa Unguja, kati ya kisiwa na Bagamoyo, sehemu kubwa haifiki mita 60. Huko tabaka la juu linalosukumwa na upepo linagusana na tabaka la chini linalosuguana na sakafu, zile nyuzi 90 zinapungua, na maji ya bamvua, yenye tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, yana nguvu kuliko upepo kwa saa nyingi za siku. Ukipelekwa huko na kipima mkondo, ondoa kwanza maji ya kujaa na kupwa kwenye takwimu zako ndipo umtafute Ekman.

Hilo tabaka la chini nalo lina jina lake, na unaweza kuliona mezani. Koroga chai ya majani, acha kijiko, utazame: majani hayatupwi pembeni, yanakusanyika katikati ya kitako cha kikombe. Maji yaliyogusa kitako yamepungua kasi kwa msuguano, hayana tena nguvu ya kukaa kwenye mzunguko, yanasukumwa ndani na kuyabeba majani. Namba ya Ekman inapima jambo la aina hiyo kwenye vitu vinavyozunguka: msuguano una nguvu kiasi gani ukilinganishwa na athari ya mzunguko. Kwa bahari kuu ni namba ndogo sana, ndiyo maana msuguano unabaki kwenye matabaka membamba ya juu na ya chini, na katikati maji yanakwenda kana kwamba haupo.

Kipima mkondo nilichokitaja hapo juu, Ekman alikuwa nacho pia, cha kubuni mwenyewe, na ukikikuta kwenye kabati la makumbusho ya chuo chochote kitazame kwa makini. Kina pangaboi ndogo inayozungushwa na maji. Unakishusha, unaachia kizito kwenye kamba, pangaboi inafunguka. Inapozunguka inahesabu mizunguko kwenye meno ya saa, na kila baada ya mizunguko kadhaa inaangusha kigololi kidogo cha shaba kwenye mfereji ulio juu ya sindano ya dira. Kigololi kinateleza kufuata sindano na kuangukia kwenye kijumba kimojawapo kati ya 36, kila kimoja cha nyuzi 10. Unaachia kizito cha pili, pangaboi inafunga, unavuta kamba. Juu unafungua kisanduku na kuhesabu: vigololi vingi viko kijumba gani? Huko ndiko maji yalikokuwa yanaelekea. Hakuna umeme ndani yake. Mabaharia wa nchi nyingi walikitumia kwa makumi ya miaka.

Aliitatua pia habari ya "maji mafu". Mwaka 1893 Fram, iliyoweza kwenda fundo (maili za baharini kwa saa) 6 au 7, ilijikuta karibu na pwani ya Siberia haiwezi hata fundo 1 na nusu ingawa injini ilifanya kazi. Ekman alijenga tangi, akaweka maji ya chumvi na juu yake maji matamu, akavuta kielelezo cha meli. Aliona mawimbi makubwa yakizaliwa kwenye mpaka wa maji hayo mawili, chini ya uso, na nguvu ya meli ikiishia kuyatengeneza mawimbi hayo badala ya kuisogeza. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1904. Baadaye alifundisha Lund kuanzia 1910 hadi 1939, na akafariki 1954.

Kwa maandishi yako ya darasani: andika V. W. Ekman ukizungumzia upepo na mikondo, na S. Ekman ukizungumzia kifaa cha tope. Na kila unapoeleza maji yanakwenda upande gani, taja latitudo ya mahali, kaskazini au kusini, kabla ya kutaja upepo. Ukimpelekea mhadhiri wako swali hili, mpelekee na mchoro wa Ras Hafun na wa Tanga kwenye ukurasa mmoja, mishale ya kusi ikiwa ileile pande zote mbili za Ikweta, na umwombe baba yako akuonyeshe ni sehemu gani za ufuko ambako maji hujaa zaidi kusi ikishika.